Fimbo yenye upanga ndani: mbele ya kumtumia mzee zawadi hiyo, tusemezane

Siku ya posho moja ya mvua, kunako kiwanja cha nyumba yetu, baba yangu mkubwa alisimama ili aage wageni. Walikuwa wamefika kwa kilio cha jirani. Fimbo yake mpya ilikuwa imezama kidogo ndani ya matope. Akaivuta. Kichwa cha fimbo kikatoka, na nyuma yake kikafuata chuma chembamba chenye kung'aa, karibu urefu wa mkono mzima. Mti wenyewe ukabaki umesimama peke yake ndani ya matope. Watu wakanyamaza. Mama mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Mzee ana miaka zaidi ya 70 na hajashika silaha hata siku moja, lakini pale alibaki ameinua upanga mbele ya watu wa kilio, akiutazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeutia mkononi mwake.

Fimbo ile ilitoka Marekani. Mtoto wa ndugu yetu aliinunua kwa intaneti, dola 30 hivi, akaipeleka ndani ya valizi ya mtu aliyekuwa anarudi kwa njia ya Kigali. Tulipomuuliza kwa telefone, alijibu kwa moyo safi: “Baba mkubwa, niliona ina kichwa cha tai, nikasema hii inafaa mtu mkubwa kama wewe. Nilijua kuna chuma ndani, lakini nilifikiri ni cha mapambo tu.” Mzee hakukasirika. Alisema: “Asante, mwanangu. Siku ingine nitumie viatu.”

Tulicheka. Lakini jambo lenyewe si la kucheka sana, ndiyo maana tunaliandika hapa. Fimbo za namna hii zinauzishwa kwa wingi kunako intaneti, bei yake ni ya chini, picha zake zinapendeza, na ndugu zetu walio mbali wanaziona kila siku kwenye telefone zao. Zinaingia nyumbani kwetu kama zawadi, zingine zikiwa ndani ya mizigo ya vitu vilivyotumika. Na mtu anayeipokea anaweza asijue hata kidogo alichoshika.

Wanaosema Kifaransa wanaiita canne-épée. Kwa macho ni fimbo ya kutembelea. Ukizungusha au ukivuta kichwa chake, unatoa upanga mwembamba uliolala ndani ya mti. Kitu hiki si cha jana. Kunako Ulaya ya miaka ya 1700 na 1800, wakati wanaume wa mijini walipoacha kutembea na upanga kiunoni, wengi waliuficha ndani ya fimbo. Japani vilevile, ambako serikali ilikataza watu kubeba panga hadharani mwaka 1876, fimbo za namna hiyo zilijulikana. Zile za zamani zilikuwa kazi ya mafundi wa kweli, na leo wapenda vitu vya kale wanazinunua kwa bei kubwa. Zile za dola 20 mpaka 50 ni kitu kingine kabisa. Nyingi zinatoka viwandani kunako China, India na Pakistani, na zimetengenezwa kwanza ili zivutie macho kwenye picha.

Tunaelewa sababu kijana aliye mbali anafikiria fimbo. Kwetu fimbo si kitu kidogo. Chifu wa kimila anatambulika kwa fimbo yake. Mzee wa familia anasimama nayo wakati wa kusema neno la mahari. Wale waliokua wakati wa Zaïre wanakumbuka fimbo iliyochongwa ya Mobutu, pamoja na kofia ya chui na abacost. Watu walisimulia hata kwamba mtu wa kawaida hawezi kuiinua. Kwa hiyo kumtumia mzee fimbo ni kumwambia: wewe ni mkubwa wetu. Wazo hilo ni zuri, na hatulikosoi. Tunakosoa kitu chenyewe.

Tuanze na kazi ya fimbo. Mzee anapotembea, fimbo inabeba sehemu ya uzito wa mwili ili goti au nyonga inayouma ipumzike. Fimbo nzuri ni mti mmoja tangu juu mpaka chini, haina mahali pa kuachana. Fimbo ya upanga lazima iwe na tundu ndani yote, kwa hiyo mti wake ni bomba, au ni bomba la aluminiamu lililopakwa rangi ya mti. Tena ina kiungo, na kiungo kiko sentimeta chache chini ya mkono, pale pale uzito wote unapopita. Kila hatua ya mzee inakitikisa. Baada ya miezi michache unaanza kusikia kelele ndogo, tik tik. Ile ni fimbo inayokuambia kwamba inaachana.

Kiungo kinafungwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni visi: unazungusha kichwa mara tatu au nne. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zingine kwa fimbo za bei ya chini, ingawa visi ya aluminiamu inalika upesi ukiikaza sana. Ya pili ni kifungo cha kufinya chenye springi ndogo ndani. Inapendeza, lakini vumbi na mchanga vinaingia, springi inachoka, na siku moja kifungo kinajifinya chenyewe ndani ya mkono wa mzee. Ya tatu ni ile inayokaa kwa kubanana tu, sawa na kifuniko cha kalamu. Ya baba mkubwa ilikuwa hiyo ya tatu. Kwa barabara ya lami ya mji wa Ulaya ingeweza kudumu. Kwa matope ya Butembo, ya Bukavu au ya Bunia mwezi wa kumi na moja, haiwezi: matope yanashika mguu wa fimbo kwa nguvu kuliko kichwa kinavyoshika mti.

Kuna shida ingine ambayo wengi hawaifikirii mpaka fimbo imefika: urefu. Fimbo ya kawaida ukiiona ndefu, unaikata chini na msumeno, unarudisha mpira, imekwisha. Hii huwezi kuikata jinsi unavyotaka, kwa sababu ncha ya upanga inakaribia mwisho wa tundu. Mzee mfupi atainua bega lake siku zote, mzee mrefu atainama. Mgongo wake utalipia ile picha nzuri.

Na kile kichwa cha tai? Au cha simba, au cha joka, au cha fuvu la mtu (ndiyo, zipo, na sijui nani atampelekea baba yake fuvu la mtu)? Mara nyingi ni madini ya zinki yaliyomiminwa ndani ya kalibu na kupakwa rangi ya kung'aa. Mdomo wa tai unachoma kiganja. Mzee anayetembea kutoka nyumbani mpaka kanisani anafika mkono umekuwa mwekundu. Na zinki ikianguka juu ya mawe ya volkano ya Goma, inakatika kama biskuti.

Basi, kama si fimbo nzuri, je, ni upanga mzuri? Hapana. Kwa hizi za bei ya chini, chuma kimeshikamana na kichwa kwa mkia mwembamba sana, wakati mwingine kipande cha visi kilichosudiwa mwishoni mwa upanga, pamoja na gundi. Chuma chenyewe ni inox laini inayopindika. Ukiona mapambo ya mawimbi na neno Damascus kwa bei ya dola 40, ujue kwamba mawimbi yale yamechorwa juu kwa dawa, si chuma kilichokunjwa na mfua chuma.

Hapa kuna msomaji atakayesema: “Bwana muandishi, usalama kwetu umekuwa mdogo, acha mzee awe na kitu cha kujilinda.” Neno hilo hatulidharau. Sisi wote tunajua usiku wa miji yetu ukoje. Lakini tazama mambo jinsi yatakavyopita. Mzee anatembea na fimbo kwa sababu bila fimbo anaanguka. Siku ya kuchomoa upanga, mkono mmoja utashika kichwa na chuma, mkono wa pili utashika bomba, na mguu mbaya utabaki bila msaada wowote. Mbele yake kuna vijana, mara nyingi na bunduki. Yeye aliyekuwa anaibiwa telefone, sasa ameonekana ni mtu wa kupigana. Hatuoni ulinzi pale. Tunaona mzee aliyepewa sababu mpya ya kufa.

Tena kuna barieri. Mtu wa Kivu au wa Ituri haitaji kuelezwa barieri ni nini. Unateremka kwenye motari, unaonyesha karatasi, unafungua mfuko. Panga la kulimia kila mtu analijua: mkulima analibeba begani, linaonekana, na askari anajua linaenda shambani. Chuma kilichofichwa kinasema maneno mengine. Kwa nini umekificha? Umetoka wapi? Unaenda kumwona nani? Nchini kwetu mambo ya silaha yanapangwa na ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, lakini tuseme ukweli: pale kwenye barieri, saa kumi na moja ya jioni, hakuna atakayefungua kitabu cha sheria. Mzee ataulizwa, na jibu lake la kweli, “sikujua”, ndilo jibu ambalo kila mtu mwenye hatia pia analitoa.

Na ndugu zetu walio ng'ambo wasifikiri kwamba hatari iko huku tu. Huko waliko sheria ni kali na hazifanani. Uingereza ilikataza kutengeneza na kuuzisha fimbo za upanga tangu 1988, na tangu mwezi wa saba 2021 hata kuiweka nyumbani ni kosa, isipokuwa zile za kale zilizopita miaka 100. Ubelgiji, ambako Wakongomani ni wengi, sheria ya tarehe 8 mwezi wa sita 2006 inaiweka kati ya silaha zilizokatazwa, ikiacha tu zile za mapambo za kihistoria. Ujerumani pia inakataza silaha iliyojificha ndani ya kitu cha kila siku. Ufaransa inamruhusu mtu mzima kuinunua na kuiweka nyumbani, lakini kutembea nayo bila sababu ya halali kunaweza kumpeleka mtu gerezani mwaka 1 na kumlipisha euro 15,000. Marekani kila jimbo lina neno lake: California inakataza hata kuwa nayo, ilhali Texas ilifungua mlango mwaka 2017 kwa watu wazima kubeba visu virefu na panga mahali pengi. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Dallas na mwingine Los Angeles, wanaweza kununua kitu kile kile siku ile ile, na mmoja wao tu ndiye amevunja sheria.

Kwa ndege, hakuna mjadala. Haipandi na msafiri ndani. Wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani wameeleza mara nyingi kwamba wanakuta upanga ndani ya fimbo za wasafiri ambao wenyewe hawakujua: mtu alinunua fimbo ya okazioni, au aliirithi kwa babu yake, akaenda nayo miaka, mpaka mashini ya kupiga picha ilipoonyesha chuma ndani ya mti. Kama unapokea fimbo iliyotumika, jambo la kwanza, mbele hata ya kuipangusa vumbi, ni kushika kichwa chake na kujaribu kukizungusha na kukivuta. Jaribu pia kufinya kila pete na kila kifungo. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka mti chini kidogo ya mkono, uangalie kwa uzuri.

Sasa, tuseme umeshaipata. Iko nyumbani. Au wewe ni mtu anayependa vitu vya namna hii, una kabati lenye visu vya zamani na sarafu za wakati wa Wabelgiji, na unataka moja ya bei ya chini ya kuweka humo. Hakuna ubaya. Fimbo hii kama kitu cha kabati inaweza kumfurahisha mwenye nayo miaka mingi, akijua kuichagua na kuitunza.

Katika kuchagua, tafuta ya visi, uache ya kifungo na uache ile ya kubanana. Omba muuzaji aonyeshe picha ya mahali chuma kinapoingia ndani ya kichwa. Kama anaonyesha tai tu kwa pande zote nne na hataki kuonyesha pale, umepata jibu. Ikifika, ishike kwa kichwa na uitikise karibu na sikio. Isikike kimya. Ikilia, chuma kinacheza ndani ya mti au kichwa kimelegea. Toa upanga, utazame kwa jicho moja kutoka kichwani mpaka ncha: uwe umenyooka. Ukipinda, utakuwa unakwaruza mti kila mara, na vumbi la mti pamoja na unyevu ndiyo mwanzo wa kutu.

Kutoa na kurudisha kuna adabu yake. Ncha itazame chini na mbali na watu. Mkono unaoshika mti ukae chini ya mdomo wa tundu, kidole gumba kisipande juu, kwa sababu pale ndipo watu wanapojikata. Wakati wa kurudisha, usisukume. Acha chuma kiteremke pole pole, upande usiokata ukiegemea mti.

Jasho la vidole lina chumvi. Kila mara ulipogusa chuma, kipanguse na kitambaa laini kilichokauka, kisha tia tone moja au mawili ya mafuta ya mashini ya kushona, uyasambaze, na upanguse tena mpaka ione kama hakuna kitu kilichobaki. Kile kisichoonekana kinatosha. Usitie mawese wala mafuta mengine ya kupikia. Tunajua yako karibu na bei yake ni nzuri, lakini yanakuwa mazito, yanageuka kama gundi, yanavuta vumbi, na yananuka. Usitie mafuta yaliyotolewa ndani ya motari. Yale yamechoka na yana uchafu unaokula chuma. Wala usimimine mafuta ndani ya tundu ukifikiri yatalinda chuma: mti unayanywa.

Wengi wanadanganywa na neno inox. Inox inachelewa kushika kutu. Haijaapa kwamba haitashika kamwe. Ukiifungia ndani ya mti wenye unyevu mwezi mzima, utakuta madoadoa mekundu. Bukavu na milima ya Masisi hazina huruma juu ya hilo. Wakati wa mvua, fungua kila mwezi. Wakati wa kiangazi, kila miezi mitatu inatosha. Ikilowa, tenganisha vipande viwili, kila kimoja kikauke peke yake kivulini siku nzima, mdomo wa tundu ukitazama chini ili maji yatoke. Usiiweke karibu na mbabula. Moto unapasua mti, unalainisha gundi ya kichwa, na verni inavimba.

Kutu kidogo kinatoka na majivu laini yaliyochekechwa, yakichanganywa na mafuta kidogo ya mashini, ukisugua kwa kitambaa kufuata urefu wa chuma, si kwa kuzungusha. Mama zetu wanasugua sufuria hivyo tangu zamani. Kisha panguza yote, kausha, tia mafuta. Ujue tu kwamba kama yale mawimbi yalichorwa, yataondoka pamoja na kutu. Msasa mkali uache kwa seremala.

Visi inasafishwa na mswaki mzee. Ondoa mchanga, paka nta kidogo ya mshumaa, funga mpaka isimame, usiongeze nguvu. Watu wanaharibu visi zaidi kwa kukaza kuliko kwa kulegeza. Kichwa kikilegea, usikimbilie kwa msudaji wa milango: moto wake utayeyusha zinki na utaharibu chuma. Kuna gundi ya sehemu mbili, unachanganya na kijiti, unatia, unaacha siku nzima. Kunoa hatukushauri. Chuma hiki hakina kazi ya kukata, na ncha kali ndani ya nyumba yenye watoto ni deni tu.

Watoto, ndiyo. Mtoto wa miaka 6 akiona mara moja fimbo ya babu inatoa upanga, hatasahau. Atangojea babu alale. Kwa hiyo kabati lenye ufunguo, si nyuma ya mlango, si chini ya kitanda. Na funga karatasi kwenye mti, uandike wazi kwamba ndani kuna upanga. Hii si kwa ajili ya leo. Ni kwa ajili ya siku mzee atakapokuwa hayupo na mmoja wa wajukuu achukue fimbo ya ukumbusho aende nayo Kisangani.

Tumeulizwa pia: haiwezekani kutoa upanga, kubandika kichwa na gundi, na kumwachia mzee atembee? Inawezekana kuifanya isiwe silaha. Haiwezekani kuifanya iwe fimbo. Bomba linabaki bomba, na sasa liko tupu kabisa ndani.

Mtu anayetaka kumheshimu mzee wake kwa dola 30 ana njia iliyo karibu. Mafundi wa mbao wapo kila mtaa, na mti mgumu tunao: muvula, libuyu, hata mkaratusi ukikauka vizuri. Mwambie mzee avae viatu anavyovaa kila siku, asimame wima, mikono ikining'inia. Pima kutoka chini mpaka mstari wa kiwiko cha mkono, pale saa inapofungwa. Huo ndio urefu wa fimbo, na akiishika, kisigino cha mkono kitainama kidogo tu. Kichwa kiwe laini na kipana kwa kiganja. Chini kuwe na mpira. Ukikosa wa dukani, kuna mafundi wanaoukata kwenye gurudumu la zamani, na huo haumalizike upesi. Kijana aliye mbali anaweza kutuma ile feza na kuomba jina la mzee lichongwe juu ya mti. Na mmoja wa nyumbani amkumbushe mzee kushika fimbo kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Wengi wanakosea pale, na hakuna anayewaambia.

Baba mkubwa alifanya hivyo. Seremala wa mtaa wetu alimchongea ya muvula kwa siku mbili, nyeusi kidogo, bila mnyama yeyote juu yake. Ile ya tai iko ndani ya kabati na karatasi yake, na mjukuu mkubwa ndiye anayeitoa kila mwanzo wa mwezi na kuipangusa, mlango ukiwa umefungwa. Viatu navyo vilifika juma lililopita. Ni namba 42. Mzee anavaa 43, lakini amekataa tusimwambie mtoto.